Shajara ya mradi: sabtaito za Kiswahili za Grand Hotel (1932)

3 Juni

Nimeanza rasmi leo. Mradi wenyewe ni huu: nataka Grand Hotel, ile ya MGM ya mwaka 1932, iwe na sabtaito za Kiswahili kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya 112, tena Kiswahili cha mtu anaeongea, sio cha tangazo la halmashauri. Nimejipa wiki sita. Vifaa: diski ya Blu-ray iliyotoka 2013 (nilimwagizia jamaa aliyekua anarudi likizo, ilisafiri kwenye begi moja na viatu vyake ila haina hata mkwaruzo), laptopu ya zamani inayopiga kelele kama pangaboi, na hedifoni upande mmoja umekufa.

Kwanini muvi hii. Shangazi yangu ni katibu muhtasi mstaafu, sasa hivi kazi yake ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, siku moja nikamwambia kuna muvi ya wazungu ya zamani kuliko yeye ambayo nusu ya kisa ni sekretari na bosi wake. Akasema ilete. Ila akaongeza, mwanangu mi kile Kiingereza cha zamani sikishiki, wanaongea kama wanakimbizwa. Ni kweli wanaongea kama wanakimbizwa.

Kwa ambae hajaiona, we fikiria nyumba ya kupanga. Kila chumba na msiba wake, koridoo moja, mlango wa mbele mmoja, na nani kaingia kwa nani saa ngapi watu wanajua ila hawasemi. Sasa ibebe hiyo nyumba uipeleke Berlin, ivalishe suti na mapazia ya hariri. Kuna mchezaji wa baleti wa Kirusi aliyechoka na maisha (Greta Garbo), kuna baroni aliyefilisika anaeiba vito vya watu (John Barrymore), kuna karani wa mahesabu aliyeambiwa anakufa kwahiyo kaja kula akiba yake yote (Lionel Barrymore, kaka yake John kweli), kuna mwenye kiwanda anaetafuta dili la kuokoa kampuni (Wallace Beery) na kuna msichana wa kuchapa barua zake (Joan Crawford). Na kuna daktari mwenye kovu la vita usoni, Lewis Stone, yeye anakaa ukumbini tu anaangalia.

Siku hizi haishangazi, muvi imejaa mastaa ni kawaida. Ila wakati ule studio ilikua inaweka staa mmoja au wawili kwa muvi moja, wengine unawatunza kwa muvi nyingine uuze tiketi mara mbili. MGM wakawatia watano kwenye jengo moja. Ikachukua Oscar ya filamu bora Novemba 1932 na mpaka leo ndio pekee iliyochukua hiyo tuzo bila kuteuliwa kwenye kipengele kingine chochote, yani sio muongozaji sio muigizaji, hakuna. Waamuzi waliipenda nyumba wakawasahau wapangaji.

Kuhusu haki za muvi: kule Marekani bado inalindwa, inakua mali ya umma 1 Januari 2028. Kwahiyo hapa hakuna kupandisha kitu popote, ni sebule ya shangazi na watu wake. 2028 tutaongea vingine.

5 Juni

Tukio la kwanza tu limenila siku mbili. Inaanza kwa juu, wasichana wa swichibodi ya simu wamepangwa mstari wanachomoa na kuchomeka nyaya, af inakwenda kwenye vibanda vya simu mmoja mmoja: mpokea wageni anauliza mke wake kajifungua au bado, karani anamwambia rafiki yake kwamba atakufa, mwenye kiwanda anapiga nyumbani kuhusu dili, mtumishi wa Garbo analalamika bibi yake hataki kucheza leo, baroni nae anaomba hela. Ndani ya dakika chache umeshamjua kila mtu na shida yake, bila mtu kukaa chini kukuelezea. Mi nimeirudia mara kumi na kitu na bado naona ni ufundi mtupu.

Tatizo ni nafasi. Nimejiwekea kanuni ya herufi 42 kwa mstari, mistari miwili basi, na isizidi herufi 17 kwa sekunde maana shangazi anasoma na miwani. Kiswahili kinarefuka. Mtu anasema neno moja la silabi moja mi nahitaji kitenzi chenye mabehewa manne. Kringelein, huyo karani, akianza kulalamika kuhusu chumba alichopewa haweki nukta kabisa.

Nilichogundua ni kwamba dawa sio kufupisha maneno, dawa ni kutupa nusu ya sentensi na kuacha uso wa muigizaji ufanye kazi. Wale wakali wa kutafsiri muvi kwenye vibanda umiza walikua wanajua hii, Lufufu alikua hatafsiri neno kwa neno hata siku moja, anakuambia kinachoendelea. Tofauti ni kwamba yeye alikua na mdomo, mi nina mistari miwili.

8 Juni

Jumapili ya kwanza kwa shangazi. Nimewasha kwa kutumia laptopu ya binamu yangu na waya wa HDMI, kitu cha kwanza shangazi akasema picha yako imeliwa pembeni. Nikamueleza picha za wakati ule zilikua karibu na mraba, 1.37 kwa 1, ndio kiwango walichokubaliana Hollywood mwaka huohuo 1932, kwahiyo weusi wa pembeni ni haki yake. Nimeenda jikoni kuchukua chai kurudi nakuta binamu kashaivuta picha imejaa skrini nzima, Garbo kanenepa kama magunia mawili na lile dawati la duara la mapokezi limekua yai. Nikairudisha. Wakanuna wote wawili kama dakika tano af wakasahau.

Sasa hapa ndio mradi umebadilika. Sabtaito zilikua zimeisha pale Kringelein anapopewa chumba, kwahiyo kuanzia hapo nikawa natafsiri kwa mdomo. Nageuka namuona shangazi ana daftari la shule mapajani na penseli, anachora vitu kama minyoo na mikia ya panya. Nikamuuliza unafanya nini. "Wewe sema, mi nachukua."

Hatimkato, ule mwandiko wa alama wa kuchukua maneno mtu anapoongea! Kasoma uhazili Tabora, na wanaokumbuka matangazo ya kazi ya zamani wanajua lile sharti, hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja. Miaka na miaka hajaigusa na mkono bado upo. Nilipomaliza akanisomea nyuma nilichosema, neno kwa neno, pamoja na yale ma-"yani" na ma-"ee" yangu yote, nikaona aibu. Af akaanza kunisahihisha.

La kwanza lilikua Joan Crawford. Mi nilikua namuita mchapaji. Shangazi akaweka penseli chini. "Huyo sio mchapaji. Umeona amekuja na nini chumbani kwa yule bwana? Bwana anaongea, yeye anachukua, ndio anapiga mashine. Mchapaji anapewa karatasi. Huyu anapewa maneno. Mshahara tofauti." Kwahiyo kwenye sabtaito ni katibu muhtasi, na pale bosi anapoanza kumtizama miguu badala ya kuendelea na barua, shangazi alisema kitu ambacho siandiki hapa, ila alikisema kwa uzoefu.

Swali lake lingine: mbona Berlin nzima mjerumani ni huyu mmoja? Kweli, Wallace Beery peke yake ndio kaweka lafudhi ya Kijerumani, wengine wanaongea kama walivyozaliwa. Sina jibu la maana.

12 Juni

Utaratibu mpya: jumapili natafsiri kwa mdomo, yeye anachukua, anasoma nyuma na kusahihisha, mi naandika kwa laptopu katikati ya wiki. Inaenda mara mbili ya kasi ya mwanzo na Kiswahili kimenyooka.

Katikati ya wiki hii lakini nimepotea kwenye shimo lingine. Nilikua nasimamisha fremu moja moja kupata muda wa kuingiza maandishi, nikaanza kuona vitu. Picha ikiwa imetulia uso wa Garbo una chenga (vile vidoadoa vya filamu) nzuri laini, kama unga uliochekechwa. Ila kila tukio linapoyeyuka kuingia jingine, ghafla picha inapauka kidogo na chenga zinakua nene, af ikimaliza kuyeyuka inarudi safi. Nikadhani ni diski mbovu. Kumbe sio. Zamani ile kuyeyusha picha mbili kulifanywa maabara kwa kuzinakili pamoja kwenye filamu nyingine, kwahiyo kipande kile ni kopi ya kopi kuanzia siku muvi inatoka. Watu wa 1932 nao waliuona huo ukungu. Ukiusafisha sana kwa kompyuta unakua umetengeneza muvi nyingine, na mi kusema kweli hizi kazi za siku hizi za kumlainisha mtu uso mpaka anakua nta sizipendi, afadhali chenga.

15 Juni

Jumapili. Shangazi kaniuliza swali zuri kuliko yote: hii kitu imekaaje miaka yote hii bila kuoza? Nikamwambia ntakujibu nikirudi, nikaenda kuulizia vizuri, naandika hapa nisisahau.

Iligoma kuoza kwa sababu ilikua inahamishwa. Filamu za wakati ule zilikua za nitreti, ile inayoshika moto kama baruti, ikishawaka hata uizamishe kwenye maji inaendelea kwa sababu inajitengenezea oksijeni yenyewe. Na isipowaka inajila taratibu, inanata, inakua asali, mwisho inakua unga wa kahawia. Kodak waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 50. Miaka ya 60 MGM wakafanya jambo ambalo studio nyingi zilikua hazitaki kuligharamia, walianza kunakili maktaba yao kutoka nitreti kwenda filamu salama, isiyolipuka moto hivyo, muvi baada ya muvi. Hawakuwahi vyote. Ghala lao moja pale Culver City lililipuka miaka hiyohiyo ya 60 na likaondoka na muvi kadhaa za kimya, mojawapo London After Midnight ambayo watu wanaitafuta mpaka leo. Na Garbo huyuhuyu, muvi yake ya 1928 inaitwa The Divine Woman, kilichobaki ni rili moja ya kama dakika 9, ilikutwa Moscow. Dakika tisa za Garbo, kazi ya miezi.

Zile nitreti zenyewe baada ya kunakiliwa nyingi zikapelekwa George Eastman House, makumbusho ya picha na filamu kule Rochester, Marekani, zitunzwe. 1978 moto ukatokea kwenye maghala yao na negativu za filamu 329 zikaisha. Ila, na hapa ndio nilisimama kabisa nikatembea chumbani, muvi nyingi kati ya hizo hazikufa, kwa sababu kuna mtu alishazinakili kabla na kopi ilikua imelala kwenye jengo lingine mji mwingine. Jengo lingine! Andika hiyo ukutani.

Baada ya hapo ni habari za biashara. 1986 Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, kanunua maktaba ya MGM, 1996 kampuni yake ikaungana na Time Warner, ndio maana diski yangu ya muvi ya MGM ina nembo ya Warner na binamu anadhani ni feki. 2007 Grand Hotel ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu kule Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, wanachagua 25 kwa mwaka. Maktaba hiyo ina maghala 124 ya nitreti huko Culpeper, Virginia, ndani ya jengo la chini ya kilima ambalo zamani benki kuu yao ilikua inafichia pesa za dharura. Kutoka kuficha dola mpaka kutunza filamu, hiyo mi nimeipenda.

19 Juni

Mahesabu ya usiku. Fremu 24 kwa sekunde mara 60 mara 112 ni fremu 161,280. Kwa filamu ya milimita 35 hiyo ni futi 10,080, zaidi ya kilomita 3, yani ukiinyoosha kutoka Kariakoo unafika Posta na bado inabaki. Ukiiskani kwa 4K (ukali mkubwa wa picha) fremu nzima, faili la fremu moja lina kama megabaiti 51, kwahiyo muvi nzima ni terabaiti 8 na kitu, na hapo hujaweka sauti wala hujatengeneza kopi ya pili. Diski yangu inabeba gigabaiti 50 kwenda chini. Tunachoangalia sebuleni ni supu ya yule ng'ombe, sio ng'ombe.

Na hizo terabaiti wanaziweka wapi, kwenye kanda. Kanda kabisa, kama za Bongo Fleva ya zamani ila za data, zinaitwa LTO. Ni nzuri na bei yake ndogo ukilinganisha, shida ni mashine: mashine ya LTO ya kizazi cha 8 inasoma kanda za kizazi cha 8 na cha 7 tu, za 6 haizitambui. Cha 7 kilitoka 2015. Kanda inaweza kua nzima kabisa kabatini, haina hata vumbi, ila anaeisoma hayupo. Kwahiyo kila miaka michache unahamisha zote, unahamisha tena, na tena. Filamu ya poliesta, ile ya plastiki ya siku hizi, ukiiweka kwenye baridi unaweza kusahau ufunguo miaka mingi ukarudi ukainyanyua kwenye mwanga ukaona picha kwa macho. Ndio maana studio kubwa bado zinachapa kopi za filamu za muvi zilizopigwa kwa kamera za kidijitali. Nilidhani ni ushamba, sio ushamba.

22 Juni

Jumapili ya Garbo. Mstari wenyewe, ule maarufu wa "I want to be alone", herufi 18 za Kiingereza ukihesabu na nafasi, nimeuandaa wiki nzima: "Nataka kuwa peke yangu." Herufi 22, unaingia vizuri.

Shangazi kachukua, kasoma nyuma, katikisa kichwa. Anasema mtu akikuambia "nataka kuwa peke yangu" anakupa taarifa. Huyu mama hatoi taarifa, huyu amechoka, angesema "niacheni." Tukabishana. Nikamueleza kwamba Garbo mwenyewe alikuja kukana baadae, alisema hajawahi kusema (kwenye maisha yake, sio kwenye muvi) kwamba anataka kuwa peke yake, alichosema ni kwamba anataka aachwe, na kwamba tofauti ni kubwa. Shangazi akapiga makofi mara moja. "Si nilikwambia!"

Ila kwenye muvi anasema lile la kwanza, na anaposema chumbani kuna watu wamemzunguka wanambembeleza. Mwishowe tumeweka: "Niacheni. Nataka niwe peke yangu." Nimevunja kanuni yangu ya kupunguza, nimeongeza neno, na sijutii. Angalia uso wake pale, anaanza kusema kabla mdomo haujafunguka.

Jambo lingine la leo, Garbo na Crawford hawakutani kwenye muvi hii, hakuna fremu moja wamekaa wote. Mastaa wawili wakubwa wa kike wa studio moja, hoteli moja, hawapishani hata kwenye lifti. Shangazi anasema kawaida hiyo, yeye alikaa nyumba ya kupanga Ilala miaka minne na dada mmoja wa chumba cha mwisho, alikua anamjua kwa kandambili tu.

26 Juni

Balaa dogo. Nimefungua faili kwenye laptopu ya binamu nikakuta "ng'ambo" imekua "ngâ€™ambo". Zote. Kung'ang'ania imekua kitu cha kutisha, imejaza mstari mzima. Kumbe programu yangu ya kuandikia ilikua inanisaidia bila kuombwa, inageuza apostrofi iliyonyooka kua ile iliyopinda, na ile iliyopinda inahifadhiwa kwa baiti tatu, laptopu ya binamu ikazisoma kama herufi tatu tofauti. Kiingereza kingeharibika kidogo tu, Kiswahili kwa hizi ng' zetu kinakua kama mtu kapigwa kiharusi. Nimebadilisha zote ziwe zilizonyooka, hiyo inasomeka popote. Saa moja na nusu.

1 Julai

Laptopu haiwaki. Nimeipeleka kwa fundi.

2 Julai

Nimeenda kuichukua. Inawaka, tena inawaka haraka, na mandhari mpya ya milima yenye theluji. Fundi anatabasamu ananiambia bosi nimekuwekea Windows mpya, bure. Nikamuuliza vitu vyangu. Akaniuliza vitu gani.

Alifomati. Hakuuliza, na mi sikusema.

Bakapu nilikua nayo, ndio. Folda inaitwa BAKAPU, herufi kubwa, ndani ya laptopu hiyohiyo. Mimi niliyeandika jengo lingine andika ukutani. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki pale nje ya duka la fundi kama nusu saa, kanipa maji.

Kilichobaki: faili la wiki ya kwanza nililomtumia binamu kwa WhatsApp. Lina vibanda vya simu mpaka Kringelein kupewa chumba. Baada ya hapo hakuna kitu. Garbo hayupo, baroni kujificha chumbani kwake kuiba lulu hayupo, usiku wa Kringelein kulewa ile Louisiana flip na kujiona nae mtu, hayupo.

6 Julai

Sikutaka kwenda leo. Nilienda ili nimwambie tu.

Shikamoo shangazi, marahaba, nikamueleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani, akarudi na madaftari. Sio moja, matatu, ya kurasa 80, nyuma yana jedwali la kuzidisha. Jumapili zote zimo. Nilikua nimesahau kabisa kwamba kila nilichosema kwa mdomo, pamoja na masahihisho yake, kiliandikwa mahali ambapo fundi hafiki.

Nikafungua. Minyoo na mikia ya panya, ukurasa baada ya ukurasa. Siwezi kusoma hata neno moja. Lipo lote na sioni kitu.

Kwahiyo leo tumegeuza kibao, yeye anasoma mi nachapa. Kuna saa anasimama anasogeza daftari dirishani, kwa sababu akiwa na haraka irabu anaziruka, anachora konsonanti tu, af inabidi ajue kwa maana ya sentensi. Lulu na lala ni mchoro mmoja. Pale baroni yupo chumbani kwa Garbo usiku akasoma "nilikuja kwa ajili ya lala" tukacheka mpaka binamu akaja kuangalia kuna nini. Nikamuuliza nani mwingine anaweza kusoma hii. Akafikiria. Akataja wenzake wawili aliokua nao ofisini, mmoja ameshafariki, mwingine macho yamegoma. Hata hivyo, anasema, kila mtu ana mkono wake, wangehangaika na wa kwangu.

Tumefanya saa nne, tumefika kifo cha baroni. Pigo la simu. Muvi inaanza kwa simu, anauwawa kwa simu, shangazi ndio kaliona hilo, mi nimeitazama mara ishirini sikuliona.

Faili la leo limeenda sehemu tatu kabla sijasimama: laptopu, flashi inayokaa kwa shangazi kwenye kopo la vifungo, na WhatsApp ya binamu. Na madaftari nimeyapiga picha kurasa zote, japo picha za minyoo ni minyoo bado. Nitamuomba anisomee yote nimrekodi sauti, hilo naliweka kama mradi wa pili.

9 Julai

Nimerudia muda wa kila mstari kuanzia Kringelein mpaka mlango unaozunguka wa mwisho. Imebaki kukagua sekunde mbili mbili hivi. Maneno ya daktari ya kufunga tumeyaacha mafupi: "Watu wanakuja, watu wanakwenda. Hakuna linalotokea." Shangazi hakugusa hata herufi.

Kiporo ni kimoja. Kuna ile hotuba nyingine ya daktari, kuhusu hoteli yenye milango mia inayofungukia ukumbi mmoja na hakuna anaemjua wa pembeni yake. Mi siku ile nilitafsiri hivyohivyo kavu, yeye akanisahihisha kwa sentensi yake mwenyewe, nakumbuka ilikua nzuri mpaka nilinyamaza, ila sikumbuki maneno. Kwenye daftari la pili ipo: "hakuna anaejua jirani yake", af mchoro wenye p na t, af "nini". Inaweza kua "anapata nini". Inaweza kua "anapitia nini". Kaiangalia leo kwa miwani, kaiangalia bila miwani, kaipeleka dirishani. Anasema zote mbili zinafanana na yeye.

Nimeweka "anapitia" na alama ya kuuliza pembeni. Kasema nisiifute ile alama mpaka akumbuke.